Jezi ya taifa na foleni ya walalahoi

NDUGU msomaji, kuna swali ambalo vijiwe vya mji huu vimelijadili mpaka kahawa ikapoa vikombeni. Ni nani hasa mwenye haki ya kuvaa jezi ya Taifa Stars? Ni yule aliyezaliwa hapa? Ni yule ambaye baba yake ni wa hapa? Au ni yeyote aliyekabidhiwa paspoti na wakubwa, hata kama juzi tu alikuwa hajui Singida iko upande gani wa ramani?

Wapo wanaodhani hili ni suala la mpira tu, la kumalizwa kwa kelele za Simba na Yanga. Sisi tunasema hapana. Swali la nani acheze timu ya taifa ni swali la nani ni Mtanzania. Na swali la nani ni Mtanzania linakuhusu wewe unayesoma hapa ukiwa umeegemea mkokoteni wako, kwa sababu kitambulisho chako, paspoti yako na kura yako vyote vinaning'inia kwenye jibu lake.

Kwa hiyo vuta kigoda, tuzungumze.

Januari 2025 Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa klabu ya Singida Black Stars wamepewa uraia wa Tanzania. Walikuwa Emmanuel Keyekeh kutoka Ghana, Josephat Arthur Bada kutoka Ivory Coast na Muhamed Damaro Camara kutoka Guinea. Mitaa ikachemka. Uhamiaji wakasema sheria imefuatwa. Wananchi wakauliza, sheria ipi hiyo inayokimbia kuliko winga?

Tuweke mambo sawa kabla wapotoshaji hawajapotosha. Hatuna ugomvi na vijana hao watatu. Wametafuta riziki kwa miguu yao, kama Mbwana Samatta alivyoitafuta Lubumbashi, kisha Genk, kisha Aston Villa. Mtu akifunguliwa mlango ataingia, na wewe ungeingia. Maswali yetu anayo mwenye funguo.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, haikuandikwa kwa wino usioonekana. Mgeni anayeomba uraia wa tajnisi anatakiwa awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba. Haitoshi. Katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi 12, anatakiwa awe amekaa nchini jumla ya miaka isiyopungua 7. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Awe na nia ya kuendelea kuishi hapa.

Sasa chukua kalamu. Wachezaji wale walikuwa na muda mfupi tu katika ligi yetu. Hata ukihesabu kwa vidole vya mikono na miguu, miaka 7 haifiki. Kama ndani ya sheria kuna njia ya mkato, basi wananchi waonyeshwe hiyo njia iko kifungu gani, imewahi kupitiwa na nani, na inafunguliwa kwa sifa gani. Wauguzi wanaweza kuipita? Walimu wa hesabu je? Mafundi mitambo? Au ni ya wenye kujua kupiga chenga peke yao?

Na hapa ndipo penye kidonda. Sheria hiyohiyo inasema Waziri halazimiki kutoa sababu ya kumpa mtu uraia au kumnyima. Yaani anayepewa haulizwi na jirani zake, na anayenyimwa haambiwi kosa lake. Uamuzi mkubwa kuliko wote ambao nchi inaweza kumfanyia binadamu unafanyika kama mtu anavyochagua embe sokoni, analibonyeza, analirudisha, anachukua jingine, na muuzaji hana haki ya kuuliza.

FIFA NAYO INA YAKE

Ndugu msomaji, usidanganyike kwamba paspoti peke yake inamfanya mtu awe mchezaji wa Taifa Stars. Hilo ni changa la macho.

FIFA ina kanuni zake. Kwanza mchezaji awe na uraia wa kudumu wa nchi anayoichezea, usiotegemea kuishi kwake mahali fulani. Pili, kama uraia huo ameupata baadaye, lazima awe na moja kati ya mambo manne: awe amezaliwa katika nchi hiyo, au mama yake au baba yake mzazi awe amezaliwa hapo, au bibi au babu yake awe amezaliwa hapo, au yeye mwenyewe awe ameishi hapo kwa muda uliowekwa. Kwa aliyekuja akiwa mtu mzima, muda huo ni miaka 5.

Miaka hiyo 5 ina historia. Mwaka 2004 Qatar ilitaka kuwachukua Wabrazili waliokuwa wakicheza Ujerumani, akiwemo Ailton aliyekuwa mfungaji bora wa ligi ya kule, ambao hawakuwa na babu wala shangazi Doha. FIFA ikashtuka, ikaweka sharti la kuishi miaka 2. Mwaka 2008 ikapandisha ikawa 5. Walifanya hivyo kwa sababu waliona mpira wa mataifa unageuka soko, mwenye pesa anajinunulia kikosi.

Sasa jiulize. Kama mgeni aliyekuja juzi hawezi kuichezea Taifa Stars mpaka atimize miaka 5, uraia wa haraka unamfaidisha nani leo? Jibu halihitaji shahada. Kanuni za Ligi Kuu zinaweka ukomo wa wachezaji wa kigeni, na msimu wa 2024/25 ukomo huo ulikuwa wachezaji 12 kwa klabu. Mgeni akigeuka raia, anatoka kwenye hesabu ya wageni. Klabu inapata nafasi ya kusajili mgeni mwingine. Na kijana wa Kigoma, wa Mbagala au wa Makorora aliyekuwa anasubiri benchi anasogezwa mpaka kwenye kiti cha mtazamaji.

Hatusemi mtu amehongwa. Hatuna ushahidi huo na hatutauzua. Tunasema kwamba pale sheria isipotoa sababu, wananchi watajitungia sababu zao wenyewe, na hawatatunga nzuri.

MTOTO WA TANGA NDANI YA JEZI YA DENMARK

Wakati mlango wa mbele unafunguliwa kwa wapita njia, mlango wa nyuma umepigwa kufuli watoto wa nyumbani.

Tarehe 16 Juni 2018, mjini Saransk nchini Urusi, Denmark iliifunga Peru bao 1-0 katika Kombe la Dunia. Mfungaji alikuwa Yussuf Poulsen. Ukimwangalia mgongoni, jezi yake haikuandikwa Poulsen. Iliandikwa Yurary, jina la baba yake. Na baba yake alikuwa Mtanzania, mtu wa Tanga, aliyefariki dunia mtoto akiwa bado mdogo.

Jina la mtu wa Tanga lilifunga bao Kombe la Dunia, na bendera iliyopanda haikuwa yetu. Hatumlaumu Poulsen hata kidogo. Amezaliwa Copenhagen, amelelewa na mama yake Mdenmark, nchi ile ikamfundisha mpira. Aliichezea kwa haki na kwa moyo, na bado akambeba baba yake mgongoni. Sisi tulimpa nini? Kwa sheria zetu, mtu mzima haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo hata kama angetaka kuja, tungemwambia akatupe kwanza paspoti ya nchi iliyomlea, ndipo tumpe jezi.

Majirani wameliona hili. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili katika Katiba yake ya mwaka 2010. Nayo imepoteza watoto, usidhani ni uchawi. Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth aliyewahi kuichezea Harambee Stars, alizaliwa Ubelgiji na akaichagua Ubelgiji. Lakini angalau Kenya ilipoteza kwa sababu kijana alichagua. Sisi tunapoteza kwa sababu tumekataza kuchagua.

Katika fainali za Mataifa ya Afrika zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa mwaka 2024, Taifa Stars ilikuwa na vijana waliozaliwa Ulaya. Haji Mnoga, kwa mfano, amezaliwa Portsmouth, Uingereza. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini wakubwa hawajatueleza kwa lugha nyepesi sheria inayokataza uraia wa nchi mbili inaishi vipi na kikosi cha namna hiyo. Kama ipo hati ya pekee, isemwe. Kama sheria imepitwa na wakati, ifutwe mchana kweupe. Nchi haiwezi kuwa na sheria moja ya kuandikwa na nyingine ya kufumbiwa macho siku ya mechi.

Wametuletea kitu kinachoitwa hadhi maalumu kwa watu wa nje wenye asili ya Tanzania. Ni hatua, hatukatai. Lakini hadhi maalumu haimfanyi mtu kuwa raia, na FIFA haijui hadhi maalumu. FIFA inajua uraia.

WENZETU WALICHEZA HIVI

Wapo wenzetu vijiweni wanaosema: basi tukate mzizi wa fitina, acheze aliyezaliwa hapa tu. Maneno haya ni matamu mdomoni lakini hayapiti kooni.

Morocco ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022 huko Qatar, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, wachezaji 14 kati ya 26 walikuwa wamezaliwa nje ya Morocco. Achraf Hakimi kazaliwa Madrid. Hakim Ziyech na Sofyan Amrabat wamezaliwa Uholanzi. Kipa Bono kazaliwa Montreal, Kanada. Ukipitisha wembe wa mahali pa kuzaliwa, kikosi kile kinabaki nusu, na Afrika nzima ingekosa usiku ule wa furaha.

Lakini sikiliza na upande wa pili, kwa sababu wapo wanaotumia mfano wa Morocco kuhalalisha uvivu. Tarehe 22 Agosti 2025, katika robo fainali ya CHAN pale Uwanja wa Mkapa, Morocco ilitufunga 1-0. CHAN ni mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu. Hakukuwa na Hakimi wala Ziyech. Waliotutoa ni vijana wanaocheza ndani ya Morocco. Nchi ile ilijenga chuo kikubwa cha soka karibu na Rabat, na kutoka hapo wakatoka kina Youssef En-Nesyri na Azzedine Ounahi. Wamewaita watoto wao wa Ulaya na wamewalea watoto wao wa nyumbani. Sisi tunataka nusu ya somo, ile nusu isiyo na jasho.

Historia inatufundisha kitu kingine. Mwaka 1958 Rachid Mekhloufi alikuwa kijana wa miaka 21, nyota wa Saint-Étienne, akitarajiwa kwenda Kombe la Dunia na Ufaransa. Mustapha Zitouni alikuwa tayari ameichezea Ufaransa. Aprili mwaka ule wao na wenzao wakatoroka kimyakimya, wakaenda Tunis kuunda timu ya chama cha ukombozi cha FLN, kabla Algeria haijawa huru. FIFA haikuitambua timu ile. Hawakuwa na paspoti ya Algeria kwa sababu hakukuwa na nchi huru ya kuitoa. Waliacha mishahara na Kombe la Dunia. Mbele ya watu wale, ni karani gani angethubutu kuuliza uraia wao?

Na upo upande wa aibu. Mwaka 1996 mwanasiasa wa Ufaransa, Jean-Marie Le Pen, alilalamika kwamba timu ya taifa imejaa watu wa kutoka nje. Miaka miwili baadaye, kina Marcel Desailly aliyezaliwa Accra, Patrick Vieira aliyezaliwa Dakar, na Zinedine Zidane mtoto wa Waalgeria, wakaipa Ufaransa Kombe la Dunia la kwanza. Le Pen hakufunga bao hata moja. Kijana mwenzetu, ukisikia mtu anapima uzalendo kwa kuangalia pua na lafudhi, mkumbuke Le Pen.

Mwaka 2010, Johannesburg, ndugu wawili wa baba mmoja walikutana uwanjani. Jérôme Boateng alivaa ya Ujerumani, Kevin-Prince Boateng alivaa ya Ghana. Wote wamezaliwa Berlin. Mmoja alichagua nchi aliyozaliwa, mwingine akachagua nchi ya baba. Hakuna aliyekuwa msaliti.

UJANJA UNA MWISHO

Wanaopenda mizengwe nao wasome yaliyowapata wengine.

Hapa jirani, mwaka 2014, Rwanda iliondolewa katika mbio za kufuzu Mataifa ya Afrika baada ya kubainika kwamba mshambuliaji wake, aliyeitwa Daddy Birori katika timu ya taifa, alikuwa anajulikana kwa jina jingine na tarehe nyingine ya kuzaliwa alipokuwa AS Vita ya Kinshasa. Congo Brazzaville, waliokuwa wametolewa na Rwanda, wakarudishwa. Wanyarwanda walishinda uwanjani, wakashindwa mezani.

Emilio Nsue alikuwa mfungaji bora wa fainali zile za Ivory Coast, mabao 5 kwa Guinea ya Ikweta. Amezaliwa Hispania, baba yake ni wa Guinea ya Ikweta. Damu haikuwa na shaka. Lakini alikuwa amezichezea timu za vijana za Hispania, na kibali cha kubadili timu hakikupatikana inavyotakiwa. Mwaka 2024 FIFA ikamfungia, na nchi yake ikapokonywa matokeo ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Karatasi moja ilikula pointi.

Septemba 2025 ikawa zamu ya Malaysia. FIFA iliwafungia wachezaji 7 miezi 12 na kukitoza chama cha soka cha nchi hiyo faini ya faranga za Uswisi 350,000, ikisema vyeti vya kuzaliwa vya mababu na mabibi vilighushiwa ili waonekane wamezaliwa Malaysia, kumbe walizaliwa Hispania, Argentina, Brazil na Uholanzi. Hebu fikiria, bibi wa watu kaburini Buenos Aires anahamishiwa Malaysia kwa kalamu ili mjukuu apate namba.

TFF wanasikia? Mwaka 2027 mashindano ya Afrika yanakuja kwetu, Kenya na Uganda. Macho ya bara zima yatakuwa hapa. Siku hiyo hatutaki kusikia faili la mtu limepotea.

NA WEWE JE?

Sasa tuje kwako, ndugu msomaji, wewe ambaye hukuzaliwa Accra wala Portsmouth.

Sheria ya 1995, kifungu cha 5, inasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano ni raia tangu siku ya kuzaliwa, na inawatoa wachache tu, kama watoto wa mabalozi wa kigeni. Lakini nenda dirishani. Utaulizwa cheti cha baba. Ukikitoa utaulizwa cha babu. Babu alizaliwa porini Kasulu, enzi ambazo karani wa vizazi alikuwa hajawahi kufika huko. Utaambiwa urudi kesho. Kesho hiyo kwa wengine ina miaka.

Na usidhani kwamba kuwa na cheo kunakuokoa. Februari 2001 Serikali ilitangaza kwamba watu wanne si raia. Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mchapishaji magazeti, aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Timothy Bandora, balozi aliyetumwa kuiwakilisha nchi hii. Anatoli Amani, mwenyekiti wa CCM mkoa wa Kagera. Maudline Castico, wa uongozi wa CCM Zanzibar. Yaani mtu anaiwakilisha nchi kwa miaka, halafu asubuhi moja anaambiwa nchi hiyo si yake. Kalamu ya Ulimwengu ilikuwa inawasha wakubwa, na kila mtu alikuwa anajua hivyo.

Mlalahoi yeye hata gazetini hatangazwi. Mwaka 2012 Mtanzania mmoja alikwenda kituo cha polisi kwa ajili ya taratibu za ndoa yake, paspoti ikachukuliwa. Mwaka 2014 akafukuzwa nchini, akasukumwa Kenya. Kenya nayo ikasema si wetu. Akaishi mpakani, kwenye kipande cha ardhi kisicho cha nchi yoyote. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko palepale Arusha, ikaamua kwamba Tanzania ilivunja haki zake.

Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, maelfu ya watu walisombwa kutoka Kagera, Kigoma na Geita kama wahamiaji haramu, na wapo waliokuwa wameishi hapa maisha yao yote. Ni serikali ya chama hichohicho iliyowahi kufanya jambo la heshima kubwa mbele ya dunia, kuwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbilia hapa mwaka 1972. Hilo tunalisifu bila kusita. Lakini watu wale walisubiri zaidi ya miaka 30. Wengi walizaliwa hapa, wakasoma hapa, wakalima hapa, wakazika hapa, ndipo karatasi ikaja.

Weka picha hizo mbili pamoja. Mkimbizi aliyezaliwa kambini anasubiri miongo mitatu. Mchezaji anasubiri dirisha la usajili. Huyu na yule wote ni binadamu, wote Waafrika. Tofauti ni kwamba mmoja ana klabu nyuma yake.

Kijana wa Kigoma mwenye kipaji, ambaye mama yake alivuka ziwa na yeye akazaliwa Ujiji, ataitwa Serengeti Boys lini? Ataanza kuulizwa babu yake ni nani kabla hajaulizwa anacheza namba ngapi. Huyo anakidhi sharti la kwanza la FIFA, kuzaliwa hapa. Ndani ya nchi yake mwenyewe anashindwa kwenye meza ya kata.

TUNACHOTAKA

Hatuandiki ili kulia tu. Kulia hakujafunga bao. Tunataka mambo matano, na kila moja linawezekana.

Moja, foleni iwe moja. Kama mchezaji anaweza kupewa uraia kwa mchango wake, basi sifa za mchango ziandikwe na zitangazwe, ili daktari, mwalimu na fundi waliokaa hapa miaka 20 nao wapimwe kwa mizani hiyohiyo.

Mbili, Waziri atoe sababu. Anayepewa aelezwe kapewa kwa nini, anayenyimwa aelezwe kanyimwa kwa nini, na wote wawe na haki ya kwenda mahakamani. Uamuzi usio na sababu ni amri ya mfalme, na nchi hii ilikwisha achana na wafalme.

Tatu, suala la uraia wa nchi mbili lirudishwe mezani bila uoga. Kina Poulsen wajao wasilazimishwe kumkana mama ili wamkubali baba. Wanaosema uraia wa nchi mbili unahatarisha usalama watuonyeshe Kenya imehatarika wapi.

Nne, TFF ihakiki faili la kila mchezaji kabla hajaitwa kikosini, iandike wazi kapitia sharti lipi kati ya yale manne, mahali pa kuzaliwa, mzazi, babu na bibi, au miaka ya kuishi. Hii si siri ya ulinzi. Yaliyowakuta Guinea ya Ikweta na Malaysia yasitukute sisi.

Tano, na hili ndilo mzizi, viwanja. Mwaka 1979 bao la Peter Tino kule Ndola lilitupeleka fainali za Lagos za mwaka 1980. Tukangoja miaka 39 kurudi, hadi Misri mwaka 2019. Katika miaka hiyo viwanja vya mitaa viligeuka maghorofa na gereji. Mzee Mwinyi aliwahi kulifananisha soka letu na kichwa cha mwendawazimu, kila anayejifunza kunyoa anajifunzia hapo. Nywele zimeota tena, sasa tusikabidhi wembe kwa wanafunzi wapya wanaodhani paspoti inaweza kuchukua nafasi ya kiwanja.

Mwisho, ndugu msomaji, ujumbe wa kwenda nao kijiweni. Usimzomee Keyekeh wala Bada wala Camara. Usimwite mtu mgeni kwa sababu ya jina lake au alikozaliwa bibi yake, kwa kuwa ulimi huohuo kesho utakuita wewe. Zomea mezani panapofanyika uamuzi gizani. Anayetaka kuwa Mtanzania na apange foleni pamoja nasi, tutampisha kivulini na kumgawia maji. Tunachokataa ni mtu kupitishwa kwa mlango wa uani huku sisi tuliozaliwa ndani ya nyumba tunaulizwa mlangoni tumekuja kumtafuta nani.